Jiko la debe: nilivyopunguza moshi wa mama

Moshi wa kuni ni kuni ambazo hazijaungua. Ukuni ukipata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo mwali tunaouona. Ili ziungue vizuri zinataka joto la nyuzi 600 hivi na hewa ya kutosha palepale. Zikigusa bati lililopoa au sufuria baridi kabla ya kuwaka, zinageuka masizi na ule moshi unaowaliza mama zetu. Ndiyo maana siafiki kutanua mdomo wa jiko ili eti lipate hewa. Hewa baridi ikizidi, joto linakufa.

Jiko letu hapa Makorora, Tanga, ni debe la mafuta ya kula la lita 20. Mama anapikia vitumbua vya biashara, kwa hiyo huwashwa kabla ya alfajiri.

Ndani ya debe nimejenga kiwiko: kuni zinaingia ubavuni, mwali unapanda kwenye bomba la mraba, sentimita 12 kila upande, urefu kama 30. Umbo hili linatokana na jiko la roketi la Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, miaka ya 1980. Bomba likishika moto linavuta hewa lenyewe, na gesi zinapata muda wa kuungua kabla ya kufika kwenye chungu.

Matofali ya bomba niliyafinyanga kwa udongo wa kichuguu na pumba za mpunga, nikayakausha kivulini, kisha nikayachoma. Pumba zikiungua huacha vitundu, na hewa iliyotulia humo hulizuia joto lisitoroke. Sikutaka bomba la bati, maana bati jembamba huliwa na moto, na chumvi ya bahari ya huku kwetu humalizia kazi. Kati ya matofali na debe nimejaza majivu makavu yaliyochekechwa. Tafadhali usijaze mchanga! Ni mzito, hunywa joto la moto wako muda mrefu kabla chakula hakijalipata.

Mdomoni nimeweka kibati cha kulazia kuni, hewa ipite chini yake na kufikia makaa ikiwa imeshapata joto. Kidogo tu hicho, lakini ukikitoa moshi unarudi.

Sufuria ya maharage nimeizungushia ukosi wa bati, nikiacha nafasi ya sentimita moja na nusu. Nafasi hiyo imetokana na hesabu: njia ya moshi kuzunguka sufuria ya upana wa sentimita 30 ilingane kwa eneo na njia ya ndani ya bomba. Ukiibana, moto unarudi mdomoni. Ukiiachia sana, joto linapita mbali na sufuria.

Kuni ziwe kavu, zilizopasuliwa unene wa kidole gumba. Mchungwa mzee kutoka Muheza ni mzuri mno. Vifuu vinawaka kwa fujo, basi mama huvitia kidogokidogo. Wakati wa kuwasha moshi bado upo, na dirisha libaki wazi hata mwali ukiwa safi, maana hewa ya sumu ya kaboni haionekani.

Sasa mama mdogo anataka la kwake, la karai la kukaangia samaki. Kitako cha karai ni cha mviringo, kwa hiyo ukosi wake lazima niukate upya.