Siku moja ya ajenti wa nyumba Nakuru: mteja wa saa nne alifika saa saba

Hapa mjini ukisema wewe ni ajenti wa nyumba, watu wanaona broka: mtu wa kufungua geti, kutembeza watu vyumbani na kuondoka na laki kadhaa. Mimi nimesajiliwa na bodi, leseni nalipia kila mwaka, na kazi hii naipenda. Naomba mnifuate siku ya jana tu.

Saa kumi na mbili asubuhi: chai, watoto shule, matatu kutoka Free Area hadi mjini.

Saa mbili niko kwa wakili, nachukua majibu ya sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, ya hati ya Mzee, mwalimu mstaafu anayeuza nyumba yake Kiamunyi, ploti ya futi 50 kwa 100. Mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo) aliomaliza kulipa mwaka 2009 bado umekalia hati. Hakuna aliyekwenda kuufuta kwenye rejista. Mnunuzi angeligundua hilo mwenyewe, angekimbia akisema ameponea utapeli. Saa nzima niko kwenye simu nikitafuta nani pale sako atatia sahihi.

Saa nne kamili nimefika getini Kiamunyi. Mteja hayupo. Mama, mke wa Mzee, amefagia uwanja tangu alfajiri na kupika chai ya wageni.

Tulipokuwa tukingoja, Mzee akaniambia hajalala siku mbili. Mtu amemtisha kwamba serikali itachukua asilimia 15 ya faida akiuza. Nikamweleza taratibu: ni kweli kodi hiyo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Yeye ameishi hapa tangu 1998. Tutauomba msamaha huo KRA, mamlaka ya kodi, na ushahidi mkononi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Hebu rudia hapo, binti yangu."

Saa nne na nusu mteja yuko Njoro. Saa tano amefika Ngata. Saa sita simu imezimwa. Anakuja saa saba na dakika kumi, bila pole, na shemeji anayejiita fundi. Shemeji anagonga kuta kwa funguo za gari. Anafungua mifereji yote. Anauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, na hilo ni swali zuri, maana maji ya visima vya Nakuru yana floridi, madini yanayotia meno madoa, na meno ya watoto wetu yanajulikana. Mama anamwonyesha tangi la maji ya mvua. Shemeji hamjibu. Sebuleni anapata ufa, juu ya dirisha, mwembamba kama uzi. "Hii ni Bonde la Ufa, nyumba itakatika katikati." Mteja anashuka papo hapo kutoka milioni 8.5 hadi 6.5.

Nikapanda kiti. Nikaingiza ncha ya kisu cha Mama kwenye ufa, ikagota kwenye jiwe: ni plasta tu. Nikaenda nje, ukuta uleule, hakuna alama. Nikarudi nikamwambia mteja bei ni ileile. Muda wote huo anaongea na Mzee peke yake, kana kwamba Mama ni mpangaji. Nikamkumbusha kwamba bila idhini ya Mama, kisheria hapauzwi kitu hapa. Miguu ilikuwa inawaka moto, na tangu asubuhi sijatia kitu tumboni ila chai.

Walipokuwa wakitoka nilimwona mteja amemvuta Mzee kando ya geti, simu mkononi. Nililijua hilo. Wanaomba namba ya mwenye nyumba ili ajenti arukwe.

Baadaye nilionyesha nyumba mbili Section 58, kisha mvua ikaninyeshea nikingoja boda. Sikumbuki nilifika nyumbani saa ngapi.

Nikiwa naosha vyombo Mzee akapiga. Yule mtu amempigia: wagawane ile asilimia 3 yangu ya kamisheni, kesho atampa laki mbili mkononi, waandikiane karatasi. "Nimemwambia angoje. Nimetaka nikusikie wewe kwanza."

Nilikaa chini kwenye stuli ya jikoni. Nikamwambia kwa kawaida amana ni asilimia 10 ya bei, na inashikwa na mawakili hadi uhamisho ukamilike. Laki mbili mkononi si amana, ni kamba ya kumfunga asiuzie mwingine. Na ule mkopo wa sako bado uko kwenye hati. Karatasi ya getini haiufuti.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikamsikia Mama akiuliza kama nitahitaji risiti zenyewe za sako au nakala.

Zenyewe, nikasema. Nitazifuata saa mbili asubuhi.