Mgahawa wa hoteli yetu ulivyoanza kujilipa

Hoteli ninayosimamia ina vyumba 18 na mgahawa wake ulikuwa upo upo tu, asubuhi wageni wanakunywa chai wanaondoka, usiku meza tupu na wahudumu wanachezea simu. Mwenye mali alishataka kuufunga. Nikapiga hesabu nikaona hata vyumba vikijaa vyote bado wageni wengi wanatoka kula nje, na hao wachache wanaobaki hawawezi kumlipa mpishi na wasaidizi wake. Lazima watu wa mtaani waingie, hapo hakuna mjadala.

Sasa mtu wa nje haingii mgahawa ambao mpaka apite mapokezi, anahisi ataulizwa yuko chumba namba ngapi. Tulikuwa na mlango wa pembeni unaoangalia barabara, umefungwa miaka na nyuma yake kumerundikwa magodoro mabovu. Tukayatoa, tukafungua, tukaweka taa na kibao chenye jina la mgahawa wenyewe sio la hoteli, na menyu yenye bei ikabandikwa nje mtu asome kabla hajaingia. Huo mlango umeniletea wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia.

Menyu nikaipunguza, mpishi alinuna kweli. Tukabakiza vyakula 12 ambavyo vitu vyake vinaingiliana, maana menyu ikiwa ndefu nusu yake inaozea kwenye friji. Tukakaa jikoni na mizani tukapima kila sahani mpaka mafuta, nikitaka gharama ya vitu isipite kama asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Kumbe chakula kilichokuwa kinatoka kuliko vyote ndicho kilikuwa kinatutia hasara! Tukapandisha bei na waliokipenda wakaendelea kukila.

Halafu mapokezi. Mgeni akipewa ufunguo anaulizwa, "Jioni utakula hapa au unatoka?" Basi. Ikifika saa kumi jikoni wana idadi, wanajua watoe nyama kiasi gani kwenye friza. Na wa mapokezi nikawaonjesha kila kitu, atasifiaje chakula hajawahi kukila?

Siku hizi hata wageni wa kulala wanaagiza zaidi, wanaona pana watu. Ila kelele za Ijumaa zimeanza kufika vyumba vya mbele, kwa hiyo wanaowahi kulala tunawapa vya nyuma na muziki unazimwa saa nne kamili.