Sauti ya Pwani Ndogo

Ilikuwa mwaka 2018. Mie na mwenzangu tulijipa kazi ya kurikodi sauti za Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuzitungia mashairi, kila shairi lisomwe palepale lilipozaliwa. Soko Muhogo tulipata vikombe vya muuza kahawa vikigongana, tukaondoka na furaha. Darajani ndipo pakatushinda. Sauti tuliyoitaka haipo tena: hori la Pwani Ndogo, mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, lilifukiwa kidogo kidogo, hadi miaka ya 1950 likawa limekwisha. Limebaki jina la daraja, na watu wanavuka bila kujua kama wanavuka.

Tukaenda Forodhani usiku wa bamvua, tukarikodi mawimbi yakipiga ukuta. Kesho yake alasiri tukaweka spika ndogo kando ya soko la Darajani, mie nikasoma:

"Daraja lipo kwa jina, maji yamekwenda wapi?"

Bibi mmoja mwenye kikapu akasimama, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza:

"Maji ya wapi hayo, mwanangu?"

"Ya Forodhani, bibi."

"Ndiyo maana. Hayo yanapiga. Pwani Ndogo haikuwa ikipiga. Maji yakiingia kimya, unashtukia tu matope huyaoni. Yakitoka ndipo usikie: matope yanafyonza, kaa wanakimbilia mashimoni." Akabana midomo, akavuta pumzi kidogo: fyoo. Nilikuwa karibu naye sana na bado nilisikia kwa shida.

Niliona haya. Shairi zima nilikuwa nimelijenga juu ya kishindo.

Siku ya tatu, maji yametoka, tulikwenda Maruhubi kwenye mikoko. Nililala kifudifudi, simu nimeizungushia kitambaa, sikio karibu liguse matope. Juu yalikuwa ya moto. Kiwiko kilipozama nikakuta baridi. Kila kishimo kilikuwa na povu lake, likivimba, likipasuka, kisha maji yakinywewa chini. Sijapata kusikiliza kitu kwa namna ile. Mistari yote yenye mawimbi niliifuta usiku huohuo, ukabaki ule mmoja.

Bibi alikuwa ametuambia hupita pale Darajani kila alasiri akirudi nyumbani. Tukamngoja. Alipofika hakuuliza kitu. Akaweka kikapu chini, akasogeza ushungi nyuma ya sikio, akainama.

"Punguza," akasema.

Nikapunguza.

"Punguza tena."

Daladala zikapita, sauti ya spika ikapotea kabisa. Mwenyewe alikuwa bado ameinama, anasikiliza.