Yeye Azipaye Nyota Majina

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuomba. Nilipiga magoti kama kawaida, nikaanza kumweleza Mungu habari ya ada ya muhula wa tatu na mguu wa mama mkwe ambao hadi leo haujapona, halafu nikanyamaza katikati. Nilijiona kama mtu aliyeingia ofisi ya mkubwa wa nchi akiwa na kesi ya kuku.

Kilichonifikisha hapo ni kitabu. Binti yangu yuko darasa la tano, na ana kitabu cha habari za anga tulichomnunulia mtumba hapa Arua. Jalada limetoka, ukurasa wa sayari ya Mshtarii umechanwa, na ndani kuna muhuri wa maktaba ya shule fulani huko Uingereza. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, jioni baada ya kula yeye husoma sentensi, mimi namweleza kwa Kiswahili, na mama yake huku akichambua maharage anatusahihisha wote wawili. Basi tukafika penye mwanga wa jua: unakwenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja, na bado unatumia zaidi ya dakika 8 kutufikia. Tukafungua ukurasa mwingine. Jua letu ni nyota moja tu katika kundi lenye nyota bilioni 100 au zaidi, na makundi ya namna hiyo nayo yanahesabiwa kwa mabilioni.

Binti akaniuliza, "Baba, sasa Mungu anatuona vipi?"

Nikamjibu kwamba Mungu anaona yote, nenda ukalale. Akaenda akalala. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Najua mtaniambia Daudi aliuliza zamani. "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako, mwezi na nyota ulizoziratibisha, mtu ni kitu gani hata umkumbuke?" Lakini Daudi alikuwa na macho tu. Usiku wa giza safi, mtu asiye na darubini huona nyota elfu chache, basi. Swali langu lilikuwa lile lile la Zaburi ya 8, ila mimi nilikuwa nimeongezewa sifuri nyingi, na kila sifuri ilikuwa inanisukuma nyuma kutoka kwenye kiti cha rehema.

Jumatano ratiba yetu ya kusoma ikanileta Zaburi ya 147. Sikuitafuta. Mstari wa tatu unasema, "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao." Mstari wa nne unasema, "Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina."

Ndugu zangu, nimeupita mstari huo mara nyingi nikikimbilia sehemu ya shukrani. Safari hii nilikaa. Mwandishi ametoka kwenye kidonda akaingia kwenye nyota bila hata kuvuta pumzi. Hakusema kwanza Mungu ahesabu nyota zake, akimaliza, akipata nafasi, ndipo atazame mguu wa mama mkwe. Ametanguliza kidonda. Mkono unaoganga na mkono unaohesabu ni wa Mungu mmoja, na hakuna kazi inayoisubiri nyingine.

Mimi nilikuwa nimempima Mungu kwa kipimo cha wakubwa wa dunia. Kwa wakubwa wetu, ofisi ikipanda ghorofa moja, wewe wa chini unaongezewa mlinzi, katibu na "rudi kesho". Nikadhani basi mwenye mabilioni ya makundi ya nyota amekwisha kupanda mahali nisipoweza kufika na ada yangu. Lakini Bwana anayezipa nyota majina moja moja, hata zile ambazo hakuna mwanadamu amewahi kuziona, huyo hawezi kusemwa kwamba kazi nyingi zimemfanya asahau kitu kidogo. Wingi huo huo ulionitisha ndio ushahidi wake kwamba anashughulika na kimoja kimoja.

Isaya naye, katika sura ya 40, analisema jambo hili kwa watu waliokuwa na haki ya kukata tamaa. Anawaambia wainue macho juu, watazame ni nani aliyeziumba hizi, anayeziita zote kwa majina. Endelea na mstari wa 27, kwa sababu wengi tunaishia wa 26. Hapo analeta lalamiko lao: "Njia yangu imefichwa, Bwana asiione." Hao ni watu wa uhamishoni Babeli, katika nchi ya mabingwa wa kutazama nyota na kuziabudu. Mungu hakuwaambia wafumbe macho wasije wakapotoka kama Wababeli. Aliwaambia watazame, tena watazame vizuri, ili wajue kwamba njia yao haikufichwa. Wewe uliyeacha kuomba kwa sababu unaona jambo lako ni dogo mno, toka nje usiku huu. Hesabu nyota hadi uchoke. Halafu mtajie Bwana jambo lako kwa jina lake: mtoto fulani, darasa fulani, shilingi kadhaa. Mimi nilifanya hivyo Jumatano ile, na maombi yakarudi. Ada bado sijaipata, nisiwadanganye. Maombi yamerudi.

Sasa nina neno na wazee wangu, na ninalisema kwa heshima.

Katika kikundi chetu cha nyumbani mzee mmoja ninayempenda alisikia habari ya kitabu hicho akanionya: "Mwanangu, vitabu hivi huwatoa watoto katika imani. Mambo ya siri ni ya Bwana." Ni kweli, Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema hivyo. Lakini mzee wangu, mstari una nusu ya pili: "lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele." Na watoto wetu! Umbali wa jua umefunuliwa. Mwendo wa mwezi umefunuliwa. Tunamnyang'anya mtoto urithi wake, kisha tunauita unyang'anyi huo ulinzi.

Nilikuwa Pakwach Jumapili ile ya tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa. Chini ya mwembe vidoa vya mwanga vinavyopenya majani vyote viligeuka hilali ndogo ndogo, mamia yake, zimelala mchangani. Giza lilipoingia mama mmoja alianza kulia kwa sauti, akitaja nabii Yoeli na jua kugeuzwa kuwa giza. Kijana wa sekondari akamshika mkono: "Mama, usiogope, ni mwezi unapita mbele ya jua. Ni sekunde chache tu." Na zilikuwa sekunde chache kweli. Yule mama alipofuta machozi akamwomba amweleze tena kutoka mwanzo, na kijana akachora duara mchangani kwa kijiti. Siku ya Bwana itakuja, Yoeli hajakosea. Ila mama yule hakuwa na sababu ya kuogopa saa ile, na kilichomwondolea hofu ni kitabu alichosoma mtoto wa mtu.

Wengine wanasema vitabu vya sayansi hubadilika kila mara. Ndiyo. Chetu bado kinaihesabu Pluto kuwa sayari, na wanaanga waliiondoa katika orodha mwaka 2006. Nilimweleza binti, akacheka, akaandika pembeni kwa penseli. Imani yake haikutikisika. Mtoto anayeona watu wazima wakisahihisha walichosema jana anajifunza unyenyekevu, na huo hatukuwa nao wa kutosha kanisani hata kabla ya Pluto.

Tena sisi si wageni katika mambo haya. Mwaka 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, kasha la sentimita 10 kila upande lililotengenezwa na vijana wetu waliosomea Japani, ilirushwa na kuachiwa angani. Papa Paulo wa Sita alitua Uganda tarehe 31 Julai 1969, siku 11 tu baada ya watu kukanyaga mwezi, na ujumbe wake wenye Zaburi ya 8 tayari ulikuwa umeachwa kule. Na mkesha wa Krismasi ya 1968, watu watatu wa Apollo 8, wa kwanza kuuzunguka mwezi, walisoma kwa zamu, dunia ikiwasikiliza: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Waliofika mbali kuliko mwanadamu yeyote kabla yao walichagua kusoma Mwanzo 1, na sisi huku tunaficha picha ya sayari ya Zohali chini ya godoro.

Basi Jumapili hii baada ya ibada tutabaki chini ya miti nyuma ya kanisa, watoto na wakubwa. Mwenye kitabu chochote cha anga alete, hata kilichochakaa, hata cha shule. Tutaanza na Zaburi ya 147 kwa sauti, halafu kila mtoto atasoma ukurasa mmoja. Wazee wasiosoma Kiingereza msibaki nyumbani. Njoni mkae mbele, watoto watawatafsiria.