Nyaya za B.E.2c ya Mbuyuni

Mwaka 2016, miaka 100 tangu pigano la mlima Salaita la Vita vya Kwanza vya Dunia, mwalimu mmoja wa historia huko Taveta aliagiza mfano mdogo wa ndege wa kuweka darasani: B.E.2c, ndege ya Waingereza yenye bawa la juu na la chini, kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi, na nyaya zake zote za kushikilia mabawa zikiwemo. Ndege za aina hiyo ziliruka kutoka uwanja wa Mbuyuni, kando ya njia ya Voi kwenda Taveta. Zilikuwa za Skwadroni ya 26, kikosi cha Waafrika Kusini kilichoundwa Netheravon, Uingereza, Oktoba 1915 na kushuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916. Mwalimu hakujali sana rangi. Alichosisitiza ni nyaya, maana picha za zamani alikuwa nazo na wanafunzi wangelinganisha.

Kazi niliifanya Mji wa Kale, Mombasa, masika yakiwa yameshaanza. Msimu huo ndio ulioamua nyaya ziwe za nini.

Mabawa ya ndege halisi yana mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 72 unapata milimita 157, yaani urefu wa kalamu ya wino. Waya halisi wa kushikilia mabawa una unene wa milimita 6 hivi, na kwa kipimo hiki unabaki 0.08. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanachukua uzi wa cherehani wa 0.2, na ukiuzidisha kwa 72 unapata kebo ya milimita 14, ambayo hakuna rubani angekubali kuruka nayo. Tena uzi wa pamba una manyoya. Ukipigwa na mwanga wa dirishani, manyoya ndiyo yanayoonekana kwanza, ndege baadaye.

Vifaa vya nyaya vilivyokuwa mezani vilikuwa vya aina tatu: mshipi wa nailoni wa 0.1, uzi wa lastiki mwembamba unaouzwa kwa kazi hii hii, na vijiti vya fremu ya plastiki, ile inayoshikilia vipande vya ndege kabla havijakatwa, vya kuvuta kwa moto. Hivi vya mwisho havigharimu kitu. Unashika kipande cha fremu juu ya mshumaa, unakizungusha mpaka kilegee katikati, unakitoa motoni kwanza, ndipo unavuta. Ukivuta kingali juu ya moto kitakatika. Ukichelewa kitakuwa kinene. Uzi unaopatikana hivyo ni mwembamba na umenyooka, lakini ni mkavu. Kidole kikiugusa tu, umevunjika. Unafaa mahali pafupi pasipofikiwa na mkono.

Nailoni ina kasoro nyingine, na kwa pwani ndiyo kubwa zaidi: hunywa unyevu wa hewa na kurefuka. Ukiifunga ikakaza vizuri wakati wa kaskazi, masika yakija inalegea, na waya uliolegea kwenye ndege unaonekana hata na asiyejua ndege. Dawa yake inajulikana. Unawasha kijiti cha udi, unapitisha kaa lake milimita 3 hivi chini ya nailoni bila kuigusa, nayo inajikaza. Lakini ukikaza wakati wa mvua, kiangazi kikirudi itazidi kujivuta, na nguzo za plastiki zinazounganisha bawa la juu na la chini, nene milimita 1 tu, hazina ubavu wa kushindana nayo. Bawa linapinda taratibu, na wakati unapogundua, rangi imeshapasuka kwenye maungio. Kwa hiyo nyaya zote ndefu zikawa za lastiki.

Siku ya kufunga nyaya, gundi ya mabawa ilikuwa imekauka usiku kucha. Hilo halina njia ya mkato. Nguzo zilibandikwa kwa gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha na kuunganisha, wala si supaglu. Supaglu hushika haraka lakini haivumilii kusukumwa kwa upande. Tena gundi ya plastiki inakupa dakika kadhaa za kusogeza bawa la juu mpaka likae sawa. Bawa hilo la B.E.2c limekaa mbele kidogo ya lile la chini, na yote mawili yameinuka kidogo kuelekea ncha. Ili lisikae kombo, bawa la chini liliwekewa maboksi ya viberiti pande zote mbili, na juu yake vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa mteremko sawa na ule wa mchoro. Nguzo nne fupi za juu ya kiwiliwili zilitangulia, kisha bawa la juu, kisha nguzo nane za nje, mbili mbili. Matundu yote ya nyaya yalikuwa yameshatobolewa kabla ya rangi, kwa keekee ndogo ya mkono na ncha ya 0.3, kina kisichozidi nusu ya unene wa bawa. Ukitoboa baada ya mabawa kuungana, mkono hauna pa kupita, na ncha ya 0.3 inakatika kwa kuangaliwa tu.

Adhuhuri aliingia mzee jirani, fundi wa majahazi madogo ya kuuza. Majahazi yake ni ya nusu mita, na kamba zake za tanga hakuna wa kuzikosoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa kamba hizi mbona hazina fundo?"

"Fundo hapa litatoka kubwa kama ngumi ya rubani."

Alivuta kiti akakaa, akaomba feni ya darini izimwe kabla hata sijamwambia. Anajua kazi ndogo. Ushauri wake ulikuwa uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki mara mbili, unaolaza manyoya. Kwa jahazi la nusu mita ni sawa kabisa. Kwa bawa la sentimita 15 nta haipunguzi unene.

Kazi inaanzia ndani kwenda nje. Kwenye B.E.2c ni lazima, kwa sababu mtazamaji alikaa mbele na rubani nyuma, na kiti cha mbele kimezingirwa na nguzo na nyaya pande zote. Ukianza na za nje, kibano hakitafika ndani tena. Kwanza ni nyaya za msalaba kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, mbili kwa kila jozi, jumla nane. Kisha nyaya za kutua, zinazotoka juu karibu na kiwiliwili na kushuka kuelekea nje. Hizi hubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa chini. Mwisho nyaya za kuruka, zinazotoka chini karibu na kiwiliwili na kupanda kuelekea nje, maana hewani bawa ndilo linalotaka kukimbilia juu. Kila upande una vyumba viwili vya nguzo, yaani nafasi zinazogawanywa na nguzo hizo, na kila chumba kina waya wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo, ukihesabu nyaya pacha kuwa moja, ni 16 za kutua na kuruka, na pamoja na za msalaba ni 24. Za mkiani na za usukani hazimo.

Kila waya hupita hatua zile zile. Ncha inachovywa kwenye tone la supaglu nzito, inaingizwa tunduni kwa kibano, inasubiri. Kwenye unyevu wa Mombasa supaglu hushika upesi kuliko maelezo ya chupa yanavyosema. Kemikali ya kuiharakisha haina kazi hapa. Kisha uzi unanyooshwa bila kuvutwa hadi tundu la pili, unakatwa ukiwa mfupi kwa moja ya tano, unavutwa na kubandikwa. Moja ya tano inatosha. Lastiki hii inaweza kuvutwa zaidi ya hapo, ila nguzo ndiyo itakayolipa. Na ni waya mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote, hata mvuto mdogo wa nyaya nane unatosha kulaza bawa la juu.

Gundi iliwekwa kwa sindano ya kushonea iliyokatwa jicho lake likabaki kama uma. Uma huo unabeba tone dogo kuliko kijiti chochote cha meno. Tone likiwa kubwa, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi, na hewa yenye unyevu inauzidisha ukungu huo. Mzee ndiye aliyeuona wa kwanza, kwenye nguzo ya kushoto. Ulifutika kwa kuupaka varnishi isiyong'aa baada ya gundi kukauka kabisa.

Nyaya hazikupakwa nyeusi, ingawa lastiki nyingi huuzwa nyeusi. Nyeusi kwenye mabawa ya rangi ya kitani kilichopakwa varnishi, ambayo ndiyo rangi ya ndege nyingi za Waingereza mwanzoni mwa 1916, inakata macho. Kijivu cha chuma kilichofifia kilipakwa kwa kuushika uzi kwa brashi karibu kavu na kuipitisha mara moja tu.

Mkiani plastiki ni nyembamba mno kutobolewa nusu. Tundu lingepita upande wa pili. Huko kilitumika kile kijiti cha fremu kilichovutwa, kikakatwa kwa wembe kwa urefu kamili uliopimwa kwa bikari, kikabandikwa juu kwa gundi ya maji isiyo na mvuke. Hakivuti kitu, kwa hiyo hakihitaji tundu. Nyaya fupi zinazounganisha mapezi ya kugeuzia ya bawa la juu na la chini zilifungwa kwa mtindo huo huo.

Bomba mbili za moshi zinazopanda juu ya bawa ziliwekwa baada ya hapo, maana zikitangulia bawa halikai. Propela ya makasia manne ilikuwa ya mwisho. Mzee aligusa waya wa nje kwa ukucha, ukarudi mahali pake.

"Itadumu?"

"Ikikaa mbali na dirisha. Jua likiipiga kila siku lastiki inakufa, inaanza kukatika yenyewe."

"Basi mwambie mwalimu aweke kabatini," akasema, akaomba kipande cha uzi akajaribu kwenye mashua.