Siku niliyonyongwa nikiwa kabaila

Mwaka 2016 nilikuwa naishi kamji kamoja karibu na Girona, Katalunya, kule Hispania, mchana naosha masufuria mgahawani, jioni darasa la Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huko. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, akatutangazia kwamba kufunga kozi tutaigiza mwisho wa Terra baixa ya Àngel Guimerà, mchezo ambao kwao hata bibi muuza samaki anaujua.

Stori yenyewe ni hivi: Manelic, mchungaji wa milimani asiyejua janja za watu, anaozeshwa Marta, kumbe Marta ni kimada wa Sebastià, kabaila mwenye mashamba yote, ambaye anataka kuoa kwa matajiri ila usiku aendelee kumfuata Marta kama kawa. Manelic akija kustuka anamnyonga kwa mikono mitupu, yeye aliyewahi kuua mbwa mwitu kule juu.

Sasa nani awe Sebastià? Mimi! Mimi niliyekuwa nadaiwa kodi ya chumba miezi miwili, nikavalishwa koti la marehemu mume wa mwalimu, mikono inanifika vidoleni.

Tukipumzika mazoezi mwalimu hanyamazi. Alikuwa bado ana kinyongo kwamba 1896 mchezo ulianzia Madrid, tena kwa Kihispania, Kikatalani kikafuata mwaka uliofuata. Halafu ukawa opera ya Kijerumani, Tiefland ya Eugen d'Albert, Prague 1903. Halafu akatuambia ya filamu ya hadithi hiyohiyo ya Leni Riefenstahl, mwongozaji filamu wa Kijerumani, aliyecheza Marta mwenyewe, kwamba wanakijiji wengi mle ndani ni Waroma (wale wanaoitwa Gypsy, si watu wa mji wa Roma) waliotolewa kwenye kambi walikofungiwa wakati wa Hitler, na wengi wao baadaye wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji, filamu ikaja kutoka 1954. Kahawa zilipoa siku hiyo. Hadithi ya kabaila anayewatumia watu kama mali yake, na wao wakaitengeneza hivyohivyo!

Siku ikafika, ukumbi mdogo umejaa. Manelic alikuwa jamaa Msenegali, fundi wa kuchomelea, mikono kama koleo. Kwenye mazoezi alikuwa ananigusa tu, siku ile mzuka ukampanda, akanibana koo kweli, maneno yangu ya mwisho hayakutoka, nikatoa mlio kama bata nikaanguka kabla ya wakati. Yeye akanyanyua mikono: "He mort el llop!" yaani nimemuua mbwa mwitu, watu wakasimama wanapiga makofi, na mimi maiti pale chini nimebana kikohozi machozi yananitoka, mpaka kikanishinda nikakohoa, bibi mmoja mstari wa mbele akapiga kelele eti bado yuko hai, mmalizie!

Mwenye nyumba wangu naye alikuwepo, sikujua. Kesho yake asubuhi kagonga mlango, kanikumbatia, kaniita Senyor Sebastià, kasifia sana nilivyokufa. Halafu kafungua daftari la kodi.