Uvimbe kwenye titi: sindano kwanza, kisu baadaye

Uvimbe ukionekana kwenye titi, ushauri unaokuja haraka ni "nenda wakakutoe hicho kitu." Tunaupinga. Uvimbe wa saratani uliokatwa kabla ya kupimwa kwa sindano mara nyingi humrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji, kwa sababu ukingo wa nyama safi kuzunguka uvimbe haukutosha au tezi za kwapa hazikuguswa. Na kama dawa zilipaswa kutangulia kisu, nafasi hiyo imeshapotea.

Kwanza daktari apapase matiti yote mawili na makwapa, kisha zifuate picha. Kwa aliye chini ya miaka 30 ultrasaundi hutangulia: titi la kijana huonekana jeupe kwenye mamogramu (eksirei ya titi), na saratani nayo ni nyeupe. Kuanzia miaka 40 hufanywa zote mbili. Picha ikiwa safi lakini uvimbe wa kutia shaka bado unashikika, uchomwe sindano vilevile. Kutouma si usalama. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Mama anayenyonyesha aliyetibiwa jipu, titi likabaki gumu na jekundu baada ya wiki mbili za antibiotiki, asiongezewe dozi tu. Apimwe.

Sindano inayotakiwa ni nene, kwa kawaida geji 14, inayotoa vipande vya nyama. Mgonjwa hupigwa ganzi, ngozi hutobolewa kidogo, hutolewa vipande 4 hivi, na siku hiyohiyo anarudi nyumbani. Sindano nyembamba hunyonya seli tu: yaweza kuonyesha saratani ipo, lakini haisemi kama imeshapenya tishu za jirani. Wengi hukimbia wakiamini sindano huichokoza saratani isambae. Kuchomwa hakumfupishii mgonjwa maisha. Miezi ya kungoja ndiyo humfupishia.

Hapa kwenye kichupa ndipo kazi nzuri huharibikia. Vipande viingie kwenye fomalini, maji ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, na vikae humo kati ya saa 6 na 72. Vikiwekwa kwenye maji ya chumvi au vikiachwa vikauke, seli huoza na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni, husomeka "hakuna" ilhali vipo. Mgonjwa huyo atanyimwa dawa ambayo ingemlinda kwa miaka. Kwa hiyo ukikabidhiwa kichupa upeleke maabara mwenyewe, tazama kama kimeandikwa jina, upande wa titi na saa ya kutolewa nyama, na ukifikishe leo.

Jibu lisiishie kwenye neno "saratani". Dai ER na PR, yaani vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na HER2, protini inayochochea saratani ikue. ER ikifika asilimia 1 huhesabiwa ipo. HER2 ya 0 au 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, na 2+ haijaamua chochote hadi kipimo cha jeni kifanyike. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote huu ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza.

Uvimbe mdogo kwa kawaida huanza na upasuaji. Ulio mkubwa, ulioshika ngozi au tezi za kwapa, mara nyingi huanza na dripu za kemo (dawa za kuua seli za saratani), kila baada ya siku 21 katika ratiba nyingi. Uvimbe ukinywea, wengine huacha dripu wakidhani wamepona. Hata ukipotea kabisa mkononi, upasuaji bado unahitajika, kwani seli zinaweza kuwa zimebaki.

Dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini, hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu. Dripu ikiunguza mkononi, mwite muuguzi papo hapo, maana dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huua nyama. Homa ya nyuzi 38 katika siku za kemo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu chembe nyeupe za damu ziko chini.

Kwa wenye ER chanya, tamoksifeni, kidonge kinachozuia estrojeni kuchochea saratani, miligramu 20 kila siku huanza kemo ikiisha, na hudumu angalau miaka 5. Usibebe mimba ukiitumia. Aliyekwisha koma hedhi akaona damu ukeni aripoti mara moja. Anayetumia fluoksetini au paroksetini kwa ajili ya sonona amwambie daktari mapema, kwani dawa hizo huzuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu.